Glasi ya Pili, Meza ya Sita

Babu Nzai, usicheke.
Leo tarehe thelathini na moja Oktoba
nimevaa mabawa ya popo, ya plastiki,
nimesimama nyuma ya kaunta ya Sinyora Ornella
barabara ya Kasuarina, hapa hapa Malindi,
nawapimia wafu vinywaji.

Si wafu kama wewe. Wafu wa kujipaka sembe usoni,
wenye pasipoti na mafuta ya jua,
walioanza kuoza saa moja jioni
na kesho saa nne watakuwa wamepona, wanaagiza mayai.
Wanaiita Halowini.

Sikiliza nilivyochanganya.
Ramu nyeusi na maji ya ukwaju,
tangawizi niliyoiponda kwa mpini wa kisu:
hiyo nimeiita Matanga, jina langu mwenyewe.
Inashuka kwa ukali, halafu inakuomba radhi.
Vodka na rosela iliyochemshwa na karafuu mbili
(ya tatu inageuka dawa ya meno),
mdomo wa glasi umechovywa sukari nyekundu inayochirizika;
Sinyora ameiita Damu ya Bibi Harusi.
Nilionja. Ni tamu, Babu, nisikudanganye.
Na ile ya lichi za kopo: kila moja nimeipachika zabibu kavu katikati,
inaelea ndani ya jini na kukutazama
kama mwenye duka unapopita na deni lake.
Barafu kavu ilitoka Mombasa ndani ya boksi la samaki.
Ukiimwagia maji inafuka moshi mzito, wa baridi,
na Twalib wa getini,
ambaye kreti ya bia huibeba kwa ncha za vidole
kama mtoto wa jirani aliyejikojolea,
alichungulia akasema, "Mbeyu, hiyo sasa ni mizungu,"
akarudi kwenye chai yake ya rangi.

Na maboga! Kumi na manane, yametobolewa macho,
yamewashiwa mishumaa tumboni,
nyama yote kwenye ndoo ya taka.
Niliiokoa ndoo moja. Nyanya angenilaani.

Saa tano akaja mmoja, mifupa mitupu,
fulana nyeusi iliyochorwa mbavu,
mbavu zenyewe zimetanuliwa na kitambi.
Mzee. Akakaa meza ya sita, akavuta na kiti cha pili.
Orodha akaisoma yote, na miwani,
kisha kwa Kiswahili cha kuokota sokoni akaniuliza:
"Kinywaji ya mtu amekufa kweli, iko?"
Nilidhani ananitania.
Lakini rangi ya uso wake ilikuwa imeshuka mistari miwili,
na feni ilikuwa juu ya kichwa chake.

Babu, ile chupa ya soda ya lita moja
niliyoificha nyuma ya ndimu, iliyo yako,
aliyoigema Thoya alfajiri nikuletee kesho Goshi,
niliifungua.
Ikakohoa, ikatoa povu.
Nikamimina glasi mbili. Tone la kwanza chini,
kwenye vigae vya Sinyora, nikalikanyaga lisionekane.
Akanywa yake. Uso ukakunjamana;
mnazi wa alfajiri ukifika usiku haumbembelezi mgeni.
"Yeye angechukia hii," akasema. "Sana."
Akacheka. Akacheka tena, kwa muda mrefu kidogo.
Ya pili hakuigusa.

Sasa saa tisa, naosha.
Sukari nyekundu kwenye midomo ya glasi,
macho ya lichi yaliyotafunwa nusu,
bawa langu moja limevunjika, sijui saa ngapi.
Glasi ya pili imejaa hadi ukingoni,
ndani yake nzi mmoja, amelewa chakari.
Daftarini kuna mstari mtupu:
meza ya sita, jina la kinywaji, bei.
Sinki hili hapa. Mkono ukakataa.

Nikatoka nyuma, kwenye mkilifi, nikamimina polepole.
Jina lake sikuambiwa. Nikasema tu,
"Mama wa meza ya sita, niwie radhi kwa huyo nzi."

Kesho nakuja na nusu chupa, Babu.
Nusu nyingine usiniulize mimi,
muulize mgeni wako.
Boga nitalipika na nazi, nakuja nalo.