Kiraka cha Mistari Saba

Saa sita usiku, Mabatini. Bando la usiku limefunguka.
Natoa kompyuta kwenye mfuko wa sembe
(mwizi hapekui unga), naiweka juu ya ndoo,
na wadudu wa ziwani wanapenya ufa wa dirisha,
wanatua kwenye kioo, palepale penye kosa,
nisijue yupi wa kufutwa kwa kidole
na yupi wa kufutwa kwa akili.

Maktaba yangu haina kitabu hata kimoja.
Inachora tu: mstari, pembe, mpinde, duara.
Atakaye achukue, atakaye atengeneze.
Aliyeianzisha simjui sura. Siku moja aliandika,
"Nimepata mtoto, nimechoka, nani ana nafasi?"
Nikasema mimi. Nilidhani ananiazima ufagio;
kumbe alinikabidhi uwanja.

Mchana niko steshenari, natoa kopi za vyeti,
shilingi mia, mia. Mama akiulizwa husema,
"Kabula anachora mitandaoni."
Jirani: "Wanamlipa?"
Mama anapepeta mchele kwa nguvu zaidi.

Kigumu ni mstari ulioinama.
Ulaze, ni mstari. Usimamishe, ni mstari.
Uinamishe kidogo tu, unakuwa ngazi,
kama hizi ngazi zetu za mawe
anazopanda Nyanzobe na maji kichwani, akihesabu kwa pumzi.
Dawa yake ni kijivu: kila kidato unakipaka nusu giza
mpaka jicho likubali kudanganywa.
Duara nalo halipo. Nakwambia halipo.
Kuna mipinde minne iliyoapa kutotoboa siri.

Wenye haraka hawakosi.
"Mbona bado?" "Kuna mtu humu?"
Mmoja aliandika kwa herufi kubwa tupu.
Usiku ule mita ya umeme ilikuwa inalia,
nikamjibu kwa herufi ndogo.

Mwezi wa tatu nikaandika barua ya kuaga. Fupi.
"Nimechoka, nani ana nafasi?"
Haikwenda. Bando lilikata.

Niliporudi hewani palikuwa na kiraka.
Mistari saba, kutoka Nansio, ng'ambo ya maji,
kwa mtu aitwaye Majura, mtunza rekodi wa zahanati.
Anachora uzito wa watoto kwa maktaba hii.
Pale mtoto alipougua, akapungua, akaanza kurudi,
kona ilikuwa kali mno,
na kwenye ncha yake mstari mnene
ulichomoza mwiba hadi nje ya karatasi.
Mama mmoja aliuliza mwiba ule ni ugonjwa gani.

Mwiba ule naujua.
Nilionyeshwa mwaka juzi, nikauweka
kwenye folda niliyoiita Baadaye.

Nikasoma mistari saba kama anayechambua mchele wa mgeni.
Wa nne ulikosea: ulikata mwiba
na kila kilichochongoka kikafuata.
Nikamwandikia, "Nyota zangu zimekuwa butu."
Akarudi umeme uliporudi kisiwani.
Nikamwandikia, "Karibu. Bado."
Akanyamaza siku tisa, nikajua nimempoteza,
nikajilaumu kwa lile "bado" lisilo na salamu.
Siku ya kumi: "Samahani, tulikuwa na chanjo. Jaribu hii."

Nikachora mtoto mmoja wa kubuni,
nikamwuguza, nikamponya.
Mstari ukashuka, ukageuka, ukapanda.
Hakuna mwiba. Na nyota zina ncha zake.

Nikakishona kiraka mahali pake.
Kwenye orodha ya waliotia mkono
jina la Majura liko chini ya langu,
langu chini ya yule mwenye mtoto,
ambaye sasa, nahisi, anakwenda shule.
Barua ya kuaga sijaifuta.
Nimeihamishia Baadaye.

Alfajiri naifunga kompyuta ndani ya mfuko wa unga.
Mama yuko mlangoni. "Mwangaluka. Hukulala?"
"Nilikuwa natoa mwiba."
Ananitazama mguu.