Namba Nne

Bosi alisema: andika jina lako, Subilaga,
kiwanda kinataka majina ya watu,
hakitaki kusikia "duka la magari, Mafiati".
Kusini yote tumepewa nafasi tano kwa mwaka.
Mbili za wateja. Tatu za kwetu, kimyakimya.
Nikaandika. Kalamu ilikuwa na baridi ya Julai.
Namba nne: mimi,
ninayelipwa mshahara usiofika tairi moja la nyuma.

Palikuwa na sehemu ya rangi.
"Jaza yoyote," alisema, simu sikioni.
Nikamkumbuka Bwana Anyelwisye wa Kiwira,
mwenye maparachichi,
aliyeweka amana mwaka juzi, noti zimefungwa kwa mpira,
akaomba rangi ya chai ya Katumba
asubuhi, kabla haijaguswa na mkono.
Yeye ni namba tisa.
Tisa, penye nafasi tano,
ni namna ya adabu ya kumwambia mtu arudi nyumbani.

Nikajaza: kijani cha chai.

Kila mwezi anakuja. Haulizi moja kwa moja.
Anaanza na mvua, anapitia bei ya mbolea,
analizunguka lile la njano lililoko sakafuni
kama mtu anayezunguka ng'ombe wa jirani,
ndipo: "Na foleni, binti?"
"Inasogea," nasema.
Foleni ya kiwandani haisogei. Inauzwa.
Aliyechukua malori manne ya saruji
aliamka Jumatatu akajikuta namba mbili.

La njano halina foleni. Laweza kuondoka leo,
kabla ya chai ya saa nne,
ila juu ya bei pameongezwa milioni arobaini.
Bosi anaziita gharama za utayari.
Nilifundishwa kwamba subira huvuta heri.
Hapa huvuta risiti,
nyeupe ya mteja, ya waridi ya kwetu.

Mwezi wa tatu simu yangu ikatetemeka.
Kiwanda kinaniita Mheshimiwa Mteja.
Leo fremu ya gari lako imeunganishwa.
Nilikuwa nachambua dagaa.
Leo injini yako imewashwa kwa mara ya kwanza.
Leo fundi wetu amemaliza kushona kiti chako,
mishono elfu mbili na mia moja.
Nikamwonyesha mama. Akavaa miwani, akasoma mpaka chini.
"Wanakudai?" akauliza.

Likaja Novemba, mgongoni mwa lori, limefunikwa turubai,
likashuka Mlima Nyoka ndani ya ukungu
na wapigadebe wa Uyole wakanyamaza kidogo.
Bosi alilifuta mwenyewe.
Akabandua karatasi yenye jina langu kwenye kioo,
akaikunja, akaitia mfukoni,
akalisukuma mpaka chini ya taa.
"Sasa hili ni la sakafuni."
Basi. Hatua sita za vigae,
na oda ikawa mzigo wa dukani,
na milioni arobaini zikapanda bila kukanyaga ngazi.

Bwana Anyelwisye alikuja Alhamisi,
matope ya Kiwira yamekauka kwenye viatu.
Hakuanza na mvua.
Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.
"Rangi hii," alisema. "Nani mwingine angeiomba?"
Nikafungua daftari, nikalifunga.
"Mteja mmoja wa hapa Mbeya. Mwanamke."
"Akaghairi?"
"Hakuulizwa."
Akanitazama kwa muda,
kama anayepima parachichi bila kulibonyeza.
"Ndaga fijo," akasema, sijui kwa lipi,
na bosi alikuwa tayari anakuja, tabasamu mbele,
kikokotoo nyuma.

Usiku ule ujumbe wa mwisho:
Je, umeridhika na gari lako?
Jibu kuanzia moja hadi tano.
Niliishika simu mpaka kioo kikazima.
Nikakiwasha. Nikaandika tisa.
Ikajibu papo hapo, kwa heshima zote,
kwamba namba hiyo haipo.