Chumvi ya Barabara

Ankara inasema malori arobaini.
Halina Wojtasik aliguna alipoisoma.
Sasa ni saa kumi na moja alfajiri, Milwaukee,
theluji imemeza matairi nusu,
naye yumo garini, hita imekufa,
anahesabu.

Kumi na tisa.
La ishirini amekwisha kuliona:
taa ya nyuma ina kiraka cha utepe mwekundu.

Hana pingu. Hakupigiwa kura.
Meya hawezi kumfuta kazi,
wala hamwaliki mezani.
Ana kalamu, mizani ya kuazima,
chai iliyopoa zamani.

Jana diwani alimcheka kwa upole:
"Chumvi haihesabiwi, mama, huonjwa."
Hakujibu. Alimwaza Cletus Moffett,
aliyetoka kutupa taka akateleza,
nyonga ikavunjika mara moja tu
kwenye mtaa ambao, vitabuni,
ulinyunyizwa mara tatu usiku ule.

Ripoti itatoka Alhamisi, kurasa sitini.
Watakaoifikisha mwisho hawajazi lifti.

Anafuta ukungu kiooni kwa kiganja cha glavu.
Taa zinakuja. Ishirini?
Utepe mwekundu.
Anaandika, vidole vikiuma:
lile lile.