Bisibisi

Mpekani wangu niliuua mwenyewe, kwa wema.
Kila jioni ndoo ndogo shinani,
kama anayemnywesha paka,
na vipande vya magome nikavirundika hadi kiunoni
nikidhani ninauvisha shuka.
Shina likaoza ndani ya shuka.
Mizizi, niliyoizoesha kudokoa juu juu,
ikapanda kulifuata tone,
na Agosti ikaikuta hapo, imelala uchi.

Kwa hiyo Bi Eulalia Treviño aliponiita,
nyonga yake ya kushoto imetiwa chuma kipya,
nilivuka barabara kama mshitakiwa.
Hakunipa kiti. Alinipa bisibisi.

"Choma ardhi. Si hapo shinani. Songa.
Songa tena.
Mti hauli kwa kifua, unakula kwa vidole,
na vidole vyake vimekwisha kutoka kivulini,
viko chini ya sanduku la barua,
chini ya gari bovu la Wendell,
huko ambako hakuna anayemwaga kitu."

Nikachoma. Ikagota.
Nikachoma kando yake. Ikagota,
kama kubisha mlango wa mtu aliyehama.

San Angelo haijaona mvua tangu Machi.
Manispaa imetugawia maji kwa namba za nyumba:
witiri Jumatano, shufwa Jumamosi,
na ole wako ukifungua bomba jua likiwa juu.
Ukoka wa mtaa mzima umegeuka rangi ya mkate.
"Uache," alisema. "Ukoka hufa ukafufuka.
Mwaloni hufa mara moja."

Basi Jumatano usiku tunatandaza mpira wenye vitundu,
unazunguka pale kivuli kinapokomea,
na maji yanatoka kwa kunong'ona
hadi mbwa wa Wendell wanachoka kuyabwekea.
Mimi nina haraka. Yeye hana.
Kisha wiki tatu, nne, hatuupi hata tone.
Mara ya kwanza nilimsihi: una kiu!
"Ndiyo. Uache ushuke ukatafute."

Mwanawe Rolando hupiga simu kutoka Houston.
Watu wa bima wameona picha: matawi juu ya paa.
Aprili alimtuma kijana mwenye msumeno wa mota,
na mama yake akamrudisha na sharubati mkononi:
njoo Januari, mwanangu,
jeraha la Aprili huwanukia mbawakawa,
nao huja na ugonjwa miguuni.
Nyumba hii ndiyo iliyoukuta mti,
akamwambia Rolando,
fundi aliikata kona ya paa ili aupishe.

Julai, usiku usio na upepo hata wa kupoza chai,
tawi likaanguka lenyewe. Puu.
Kama mtu aliyechoka kushika mzigo wa mwenziwe.
Liliiponda mashine ya kufulia barazani.
"Ilishakufa zamani," alisema dirishani,
"leta ngazi, leta ile rangi ya uzio."

Saa nane za usiku, mimi na miaka yangu sitini na mitatu,
tochi mdomoni, brashi mkononi,
naupaka mti rangi nyeupe kidondani kabla mdudu hajanusa.
Utomvu ulikuwa na joto la mwili.
Chini, Bi Eulalia akiishika ngazi kwa mkono mmoja,
gongo kwa mwingine,
akinikemea: usiache ukingo, usiache ukingo.

Kwangu kisiki bado kipo.
Siku moja nilikichoma, sijui nikitafuta nini.
Bisibisi ilizama hadi mpini bila kusukumwa.

Jumatano iliyopita alinirushia swali kutoka dirishani:
"Hadi wapi?"
Nilikuwa nimepiga magoti karibu na sanduku la barua.
Nikaichomoa, nikaifuta kwa kidole,
nikamwonyesha palipolowa:
karibu shiba moja ya mkono, udongo mweusi umenata kwenye chuma.

Akatazama kwa muda.
"Bado," akasema,
akafunga dirisha, joto lisiingie.