Nyuzi Chini ya Sifuri

Chini ya kanisa la Waukraine, mtaa wa Selkirk,
ngazi kumi na moja, shika ukuta, ya tano imelegea,
ndipo tunapoazima makoti.
Hatugawi. Tunaazima.
Divina Macaraeg aliling'ang'ania neno hilo tangu siku ya kwanza,
akaliandika mlangoni kwa kalamu nene,
kwa sababu kuazima hakusemi nani anatoa, nani anapokea,
na shingo ya mtu inabaki pale ilipokuwa.

Winnipeg, Januari. Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Kope zinagandana ukipepesa.

Aliingia na koti la suti, la kijivu, limepigwa pasi,
na binti wa miaka tisa mwenye skafu ya shule.
Masikio yake mekundu kama biti
zilizokuwa zikichemka katika sufuria ya mzee Bohdan.
Nikamtolea nambari 214, la bluu, manyoya shingoni.
Akalitazama. Hakulishika.
Akasema maneno mengi, marefu, kwa Kikurdi,
mkono ukipanda na kushuka kama anayebishana na karani wa forodha.
Mtoto akameza mate, akatafsiri:
"Baba anasema asante."

Sijui Kikurdi. Lakini nimeishi.
Hotuba ile haikuwa na asante ndani yake.

Nikavuta fomu. Jina: Rezgar. Alikotoka. Watu nyumbani.
*Unahitaji nini?* Visanduku kumi na viwili vya kutia vema:
buti, glavu, godoro, maziwa ya unga...
Nikatafuta cha kumuuliza mtu anaweza nini.
Miaka saba naijaza fomu ile,
sikuwahi kuona kwamba hakipo.

Yeye keshanipita.
Yuko kule nyuma, kwenye rundo la aibu yetu,
makoti thelathini na kitu yaliyokufa zipu,
tunayoyafunika shuka kila anapokuja mfadhili.
Akafunua. Akavuta zipu moja, ikakwama,
akacheka kwa pua, kama daktari aliyeletewa mafua.
Akatoa subana mfukoni.
Mipaka mitatu, masanduku yote yamepotea,
subana ipo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kaomba jembe kabla hajapewa kiti.

Cherehani ya kanisa ilikuwa imelala tangu mke wa Bohdan afariki.
Bohdan akasita. Akaweka mwiko chini.
Akaenda kuifuta vumbi kwa aproni yake,
polepole, pembe kwa pembe,
kama anayemnawisha mtu uso.

Giza lilipoingia, zipu kumi na nne zilikuwa zinakwenda.
Ndipo alipovaa 214 na kutia sahihi daftarini,
si kwenye safu ya waliotuazima kwetu,
bali ile nyingine, tupu, ya walioazima sisi kwao.
Divina akafungua mdomo. Akaufunga.

Sitaki kudanganya.
Miaka miwili alibeba nyama kiwandani, zamu ya usiku,
mpaka mkono wa kulia ukafa ganzi.
Barua za serikali humtia homa kabla hajazifungua.
Na yule binti sasa anatafsiri hadi kwa daktari,
mambo ambayo mtoto hastahili kuyabeba mdomoni.
Koti halitibu hayo.
Supu ya biti nayo haitibu, ingawa Bohdan anabisha.

Ila jana, kituoni, upepo unakata kama wembe,
mbele yangu kijana nisiyemjua,
ukosi wake umepinduka.
Ndani, mshono mwekundu, mdogo kuliko punje ya mchele.
Rezgar huuweka kila koti aliloliponya.
"Ili nijue," alisema siku moja,
na safari hiyo mtoto hakukata neno,
"nani mjini anatembea na mkono wangu."

Redio ilikuwa imetangaza asubuhi
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Haikuuhesabu huu mmoja.