Mama Baridi

Saa kumi na moja alfajiri Mwanjelwa haina sura,
ina pumzi tu, za watu, zikitoka kama moshi wa chai,
na mimi, kisu mkononi, nimelipigia belo magoti.
Kamba ya kwanza. Kamba ya pili.
Hapa ndipo moyo husimama kidogo,
maana belo ni mimba:
umelilipia, umelibeba, na hujui linazaa nini.

Leo limezaa masweta sabini na manne.
Moja halina mkono.
Moja lina kulungu kifuani, pembe zake kama matawi.
Moja mfukoni lina tiketi ya treni
ya mji nisioweza hata kuutamka.
Tiketi naitia kwenye daftari la madeni.
Sasa ninazo kumi na tisa.
Wengine hufuga kuku.

Sina bosi. Hili nalisema kila mara,
hasa siku nina homa na bado niko hapa.
Bosi wangu tunajifunika naye blanketi moja,
usiku ananipiga kiwiko cha mbavu:
kodi ya kizimba? hisa za vikoba, Alhamisi?

Loleza ukijitanda ukungu, nauza.
Mwezi wa sita, nikiona mtoto wa shule
anapuliza vidole vyake njiani,
najua ada ya wangu imekaribia.
Ndiyo maana wananiita hivyo wanavyoniita.
Jua likiwaka nashona vifungo,
au nacheza drafti na Gwakisa wa viatu;
kete zetu ni vizibo vya soda,
ananila tatu kwa mpigo
huku anajifanya anaita wateja.

Jumapili sifungui,
hata aje mkuu wa mkoa anatetemeka.
Tukitoka ibadani, mimi na Subilaga,
tunakwenda Mlima Nyoka na karanga za kuchemsha,
tunatazama malori yakijikokota,
tunabahatisha kilicho chini ya turubai.
"Mbolea."
"Saruji, ona matairi yalivyobonyea."
"Salfa. Huna pua wewe?"
Aliyekosea ananunua chai.
Hatuna njia ya kujua nani kakosea,
kwa hiyo chai tunanunua kwa zamu, tukigombana.

Julai iliyopita Yeremu alipiga simu kutoka Matamba.
Sauti kama kitu kilichokanyagwa.
"Dada, jalidi imeshuka usiku.
Viazi vyote. Majani meusi,
utadhani moto umepita."

Siku hiyo nilikuwa nimeuza arobaini na moja
kabla ya adhuhuri.
Noti zimenivimba kiunoni chini ya kanga,
na nilizisikia, naapa, zikipoa moja moja.
Baridi ile niliiomba mimi.
Kwa jina lake. Kwa magoti haya haya.

Nikamtumia laki na nusu, na ya kutolea.
Akashukuru. Akauliza, biashara vipi huko?
Nikasema, hivyo hivyo tu.

Tangu hapo sala yangu imepata kona.
Naomba baridi ya mjini,
inayojua mabega na isiyojua majani,
iishie Uyole, isipande kule juu.
Nadhani Mungu hunisikiliza
kama mteja anayesikia bei ya kwanza:
anaguna, anageuka, anajifanya anaondoka.
Na aende. Bei ya kwanza si bei.
Kesho alfajiri nitamwita tena.

Kumepambazuka. Gwakisa anapangusa viatu,
mteja wa kwanza anashika, anavuta, anauliza.
"Na hilo la kulungu, mama?"

Hilo haliuzwi.
Nimelikunja chini ya meza.
Mikono yake mirefu mno kwa mtu wa kawaida,
na Yeremu, tangu utotoni,
kila nguo humwishia kwenye viwiko.