Kofia Mbili

Kila alfajiri nafunga komeo la choo,
naning'iniza kioo kwenye msumari,
nashika kibano.
Kidevuni kwanza. Kisha chini ya taya,
pale pagumu, panapopinda vibaya.
Saa moja na nusu nafungua saluni, Magomeni Mapipa,
uso laini kama yai.

Kazi yangu maharusi.
Uzi nauuma kwa meno, naupinda kwa vidole,
nyusi za watoto wa watu nazichonga mwezi mwandamo.
Wanasema, Siwema ana mkono.
Hawajui mkono huu umejifunzia wapi.

Wifi yangu wa zamani alijua. Aliniona
tumelala matanga, nimeamka bila kioo.
Akacheka pembeni: "Kaka kaoa beberu."
Kaka mtu alisikia, akanyamaza.
Wifi nilimsamehe.

Upanga, maabara, saa mbili kamili.
"Ni siku ya tatu ya hedhi?" akauliza binti wa sindano.
Hedhi ipi, mwanangu? Ya mwisho niliiona Maulidi,
na sasa tunanunua tende za futari.
Akaandika kitu. Akanifunga mpira mkononi.
Chupa tatu, elfu tisini na tano:
harusi mbili za Shabani zikaingia kwenye vifuniko vyekundu.

Daktari Mwasaga aligeuza karatasi inielekee.
Mia sita na kumi na mbili.
Mwisho wa kawaida, mia nne.
"Ovari zako hazina kesi," alisema.
"Wenye kelele ni tezi za juu ya figo."
Akachora kwa kalamu ya bluu maharage mawili,
na juu ya kila haragwe, kofia.

Nikazikodolea. Zilikaa upande kidogo,
kama kofia za viua siku ya Ijumaa.
Miaka kumi na minne namtafuta mwanamume usoni mwangu,
namng'oa unywele mmoja mmoja,
kumbe hapakuwa na mtu,
ni kitezi kinachofanya kazi kupita kiasi,
kama mwenye nacho.

"Homoni hii kila mwanamke anayo. Yako imezidi."
Kama chumvi, nikawaza.
Chumvi ikizidi, mchuzi hauitwi jina jingine.

Kidonge kimoja, usiku. Miezi sita, labda zaidi.
Nywele hazisomi karatasi.

Mfunguo Mosi, harusi zimerudi. Jana kaja Mwajabu,
wa Kigogo, ushungi umebana hadi mdomoni.
"Nyusi tu, dada. Usishuke chini."
Niliujua ule ukali wa sauti.
Nikaushika mkono wake wenye hina mbichi
nikaupeleka kidevuni pangu.
Umeme ulikatika alfajiri ile, sikung'oa vizuri.

Akagusa.
Mkono haukuondoka upesi.
Alitaka niseme neno,
ila uzi ulikuwa menoni.